Kobe Mvivu Kama Babu

Kwa Ruta, binti yangu wa Auckland,

Huku tu wazima. Nguruwe wetu wamekula magimbi ya mchungaji wa kanisa, nami nikamsaidia kumtafuta mwenye nguruwe.

Sasa, huyu mwanao Tiresa. Kila jioni baada ya sala huketi juu ya kaburi la mama yako, hapo mbele ya nyumba, na kile kitabu cha kobe alichosomewa na bibi yake tangu ananyonya. Hajui herufi hata moja, na kitabu hukishika juu chini, lakini anasoma: "Kobe alikuwa mvivu, kama babu yako." Halafu anakohoa, palepale mama yako alipokuwa akikohoa. Sauti ni yake, Ruta.

Nilijaribu kumsomea mimi, kama kilivyoandikwa.

"Babu, muongo wewe," akasema. "Bibi hasemi hivyo."

Mwalimu anamsifu kwa kumbukumbu, na Januari ataanza kumfundisha herufi. Hapo atagundua kwamba kitabuni mimi simo.

Mazishi hukuyawahi. Sikulaumu, maiti haingojei ndege. Ila njoo kabla mtoto hajajua kusoma, umsikie mama yako.

Ni mimi baba yako, mvivu wa kitabuni,
Siaosi