Meno Hamsini na Mawili

Jumatatu, 4 Novemba
Saa kumi na mbili asubuhi, sindano ya mume wangu Anaclet kama kawaida. Paja la kushoto leo. Chupa ya insulini nimeirudisha penye mtungi, ndani ya kitambaa chenye maji. Inabaki ya siku sita. Zahanati waliipora wiki iliyopita, hata friji wakaibeba. Sijui mwizi atakunywa insulini ya nini.
Wanasema masista wa hospitali ya Kipushi bado wana dawa. Malori yamefichwa kwa kuogopa askari wanaopora mji. Watoto wetu wako mbali. Nitakwenda mimi, kwa baiskeli yake Anaclet. Lakini mnyororo unaruka, meno pale penye pedali yameisha. Mafundi wanaita pedalie, lile gurudumu la meno pamoja na ekseli yake. Mimi nilikuwa naita tu pale pa kukanyagia.

Jumanne, 5
Kwa Papa Kambale, muuza vipuri kutoka Kivu ya Kaskazini. Duka lake halina hata mlango sasa. Pedalie mbili tu zilibaki, alizificha chini ya kitanda. Moja ya baiskeli ya mashindano, meno hamsini na mawili. Nyingine meno thelathini na nane, nzito, yenye sura mbaya. Nililipa kuku wawili.
Anaclet alijikokota hadi huko ili achague yeye.
"Tia kubwa. Na ile miye nilikuwa nafika Likasi mbele ya midi, jua halijafika kichwani."
Kambale akacheka kidogo. "Papa, muchanga ya kule haiyue champion." Kwamba mchanga haumjui bingwa.
Ikafungwa kubwa. Mimi ndiye niliyeshika fremu isitikisike. Miguu ni yangu, lakini nilishika tu. Nimejikasirikia.

Jumatano, 6
Nimejaribu hadi njia ya Luano. Kwenye lami, raha tupu, niliruka kama msichana. Kisha nikajaribu njia ya mchanga, maana kwenda Kipushi lazima niikwepe barabara kabla ya kizuizi cha askari. Wanachukua baiskeli pale. Kwenye mchanga pedali ilikataa kushuka. Nilisimama juu yake na uzito wangu wote, nikaanguka. Wanawake waliobeba kuni walicheka mpaka wakatua mizigo. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu juu ya baiskeli, wacheke tu.
Goti limevimba. Nimempunguzia Anaclet dawa ili ifike siku zaidi, bila kumwambia. Naogopa.
Mchana nikarudi kwa Kambale peke yangu. Alifungua kubwa, akasema: "Hii ndogo itakuchelewesha ku goudron, ku lami ile, Mama. Ku muchanga utapita." Kabla hajaifunga, risasi zikaanza mtaa wa pili. Nikasukuma baiskeli hadi nyumbani, pedalie ndani ya kikapu.

Alhamisi, 7
Siku mbaya.
Anaclet alipoiona ile ndogo alinuna. Halafu akataka kuifunga mwenyewe, kwa spana yake ndefu ya enzi za kazi ya reli. Mikono inamtetemeka siku hizi. Nilimwachia, nikidhani itamtuliza. Kwenye baiskeli za Kifaransa alizozoea, vikombe vinavyoshika ekseli ya pedalie hukazwa kulia pande zote mbili. Hii yetu ilitoka Zambia, ya Kiingereza. Upande wa mnyororo hukazwa kushoto. Alikaza kulia. Ilipokataa, akatumia nguvu. Chuma kikalia. Nyuzi za skurubu ndani ya fremu zimekwisha, kikombe kinazunguka ovyo.
Nilipiga kelele. Nilimwambia kiburi chake kitamzika. Akakaa chini ya ukuta, akalia bila sauti. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa mazishi ya mama yake.
Sikumwomba msamaha. Naandika hapa kwamba nina haya.

Ijumaa, 8
Ana kiu tangu alfajiri, anakojoa kila saa. Macho mazito.
Kambale amekuja kwetu Bel-Air kwa miguu. Hakuuliza nani aliharibu. Akakata mkebe wa sardini kwa mkasi, akakizungushia kikombe kipande kile cha bati, akakiingiza polepole, kwa kushoto. Kikashika. Kesho nitakwenda, hata mvua inyeshe.

Jumamosi, 9
Nimefika. Nimerudi. Naandika haraka, mkono unaniuma.
Kwenye lami miguu ilizunguka kama cherehani bila kwenda popote. Kila mtu alinipita. Kabla ya kizuizi nikaingia porini, na kwenye mchanga ile ndogo yenye sura mbaya ikapanda. Polepole, lakini ikapanda. Sikushuka hata mara moja. Niliimba zaburi, nikatukana, nikaimba tena.
Sista alinipa chupa mbili. Alikuwa nazo tano.
Kurudi, mvua na matope. Nilimkuta Anaclet amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Sindano, dozi kamili. Nikakaa karibu, mkono kwenye kifua chake, mpaka pumzi ikawa ya mtu anayelala.

Jumapili, 10
Hatukwenda misa. Miguu yangu haikunyooka.
Anaclet ameamka, amekula bukari, ugali wetu, kidogo na majani ya mihogo. Kisha akachemsha maji mwenyewe, akatia chumvi, akatoa kiti changu nje penye jua. Akapiga magoti, akaanza kunikanda, kutoka kwenye vifundo hadi magotini. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hajawahi kunishika miguu.
Watu wa misa walikuwa wanarudi, wakapunguza mwendo kututazama. Nilimwambia aache, watamsema. Hakuacha. Alivuta mguu wa pili.