Komeo la Upande wa Nje

Shoga, ulishawahi kuona mlango wa chumba cha mgonjwa una komeo upande wa nje?

Mimi nimeliona leo kwa wifi yangu. Jipya, linang'aa. Nimekaa sebuleni na mkwewe, mke wa mwanawe, tunaongea kama watu, kumbe muda wote limefungwa!

Nikaingizwa. Namuuliza wifi, "Umekula?" Mkwe anajibu, "Amekula." "Na mkono huu uliovimba?" "Ameanguka." Wifi anatazama ukuta tu. Huyu huyu ambaye hata msibani alikuwa hanyamazi!

Nikasema nitamsuka. Mkwe akacheka, "Bibi, kichwa hicho kina nini cha kusuka?" Nikamwambia kaniletee mafuta.

Alipotoka nikamgeuza wifi shingo taratibu. Shoga, alama za vidole. Vidole vya mtu, nyuma ya sikio mpaka begani.

Sikumgombeza mkwe. Ningemgombeza, nikishaondoka angelifunga lile komeo na mwenzangu yumo ndani. Nikampigia afisa ustawi wa jamii mle mle chumbani, kwa kunong'ona, kisha nikasuka polepole, mstari baada ya mstari, mpaka afisa akafika.

Afisa akauliza, "Mama, unataka nini?" Mkwe akadakia, "Anataka kupumzika." Afisa akasema, "Nimemuuliza yeye."

 

Wifi akanyoosha kidole mlangoni. "Nataka kulala," akasema, "kwenye chumba ninachofunga mwenyewe."