Bibi Telesia Hataki Kukusalimia

Bibi mpendwa, shikamoo.

Huku Sumbawanga kuna baridi, nimevaa sweta mbili. Jana katekista alitufungulia kitabu cha ubatizo ulichonituma nikisome. Jina la baba yako limo. Na wewe umo, lakini Bibi Telesia, binti wa baba yako mdogo, alizaliwa miaka miwili kabla yako!

“Kumbe miaka yote namwamkia mtoto!” akasema Bibi Telesia, tuliyekwenda naye.

Nikakutetea kwamba ulimzidi kimo.

“Kimo? Basi na mikaratusi niiamkie!”

Bibi Telesia hajakasirika, ila hataki kukutumia salamu. Anasema mkubwa haanzi, uje mwenyewe umwamkie. Hamjaonana tangu sijazaliwa. Njoo, Bibi. Kitanda chako ameshakitandika, na hataki mtu yeyote akikalie.

Mjukuu wako akupendaye,
Yustina