Mbegu Alizozipaka Mama Watoto

Jumamosi, 4 Machi

Mama watoto leo kakataa kulala. Kaniagiza beseni, maji ya sukari na ile pakiti yake ya unga mweusi kama masizi — ilikuwa kwenye friji ya jirani, pembeni ya maziwa. Kaketi kitandani, beseni mapajani, anapaka mbegu za maharage ule unga kwa mkono wake mwenyewe. Pumzi zikimwishia anapumzika, kisha anaanza tena. Nikataka kufungua pazia aone vizuri. Akafoka! Jua linawaua.

Wadudu wake hao. Bakteria. Eti wanaingia kwenye mizizi, wanafanya vinundu, wanavuta chakula kutoka hewani na kuulisha mmea, mtu asihangaike na mbolea ya chumvichumvi. Mimi fundi uashi, naamini kitu nikikigonga kikalia. Nikamwambia ningepata vibarua wa aina hiyo, wasiodai wala kuonekana, leo ningekuwa na ghorofa. Kacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Nimezipanda zote leo leo, ardhi ikiwa na unyevu, kama alivyotaka. Kaniapisha: hata punje ya mbolea isiguse shamba hili. Mmea ukilishwa kwa kijiko hauwataki tena wadudu. Maua yakitoka, akina mama wa kikundi chake watakuja kuangalia. Ardhi yao imechoka, imekuwa ngumu kama sakafu, na bado hawamwamini. Wakiona kwa macho wataiga. Hilo tu ndilo analolitaka, hana lingine.

Jumanne, 7 Machi

Amekwenda. Alfajiri.

Jumatatu, 13 Machi

Maharage yameota. Watu wametawanyika, viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe. Shangazi yake aliyemwosha ananiambia kucha za marehemu zilikuwa na weusi, walisugua wee, hautoki. Nikamwambia huo si uchafu, shangazi, ni kazi.

Binti yetu, kifungua mimba, amebaki nami, kazini kaomba ruhusa. Anapika, nakula. Ukiniuliza nimekula nini, sijui.

Jumatatu, 27 Machi

Njano! Majani yote njano. Shamba la jirani, lililokula mbolea, limekolea kijani. Bwana shamba alishaniambia mwanzoni huwa yanapauka, mpaka vinundu vianze kazi. Subira, mzee. Rahisi kusema.

Mwenyekiti wa kikundi kapita njiani, kanisalimia kwa huruma. Niliichukia ile huruma. Kasema marehemu alikuwa na nia njema. Nia njema! Ndivyo wanavyomsema mtu aliyeshindwa.

Jioni nimelia, nimesimama katikati ya mistari kama mtoto aliyepotea sokoni. Nadhani binti kaniona.

Jumatano, 12 Aprili

Yamekolea! Majani mapana kama kiganja. Nimemwita kila aliyepita njiani. Nimekwenda kaburini nikamwambia, haya bibi, umeshinda, mumeo mbishi amekubali. Leo nimekula nikasikia chumvi, mara ya kwanza tangu aondoke. Binti kaniangalia nikila, kisha kainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 20 Aprili

Bwana shamba kaja. Maua tele. Kasifu sana. Kisha akachimba shina moja polepole, akakung'uta udongo. Mzizi mtupu. Akachimba jingine. Vinundu viwili vitatu, kama vichwa vya pini. Akavipasua kwa ukucha — ndani vyeupe. Vinavyofanya kazi ndani huwa vyekundu kama nyama. Akaniuliza taratibu kama haya maharage yamelishwa mbolea. Nikamwapia kaburi la mke wangu. Akapangusa mikono.

Nilipoingia ndani, binti alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama yake. Hakunizungusha. Siku zile za njano, nikiingia kuoga, yeye alikuwa anashika kopo la mbolea aliyoiomba kwa jirani, anapita shina kwa shina.

"Ulikuwa unamlilia mama kwenye kila jani, baba," akasema. "Nisingeweza kukuona unamzika mara ya pili."

Mtoto wa hivi umfanye nini? Ningemgombeza labda ningepumua. Nimeshindwa.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimechimba huku na huku, natafuta walau shina moja alilolisahau. Wapi! Ana mkono wa mama yake, hasahau kitu.

Huenda wale wadudu walikuwa wazima. Huenda walikufa kabla hata sijapanda. Sitajua. Kazi ya mwisho ya mikono yake, na sitajua kamwe kama ilikuwa hai. Hilo ndilo linaloniuma, si maharage.

Kesho kikundi kinakuja. Bwana shamba kaniachia mimi niamue la kuwaambia.

Jumamosi, 22 Aprili

Wamefika. Nawasikia uani, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mwenyekiti kaliona shamba tangu barabarani, kaja mlangoni machozi yanamlenga. Kasema walimdharau mwenzangu, wamekuja kumwomba radhi pale pale shambani, mbele ya maharage yake.

Nikasema naja, navaa viatu. Viatu nimeshavaa. Nimekaa kitandani naandika.

Sina moyo wa kuwakatalia. Mungu anisamehe, nitanyamaza. Waone maua, wamwombe radhi, waende zao. Alistahili kuombwa radhi walau mara moja.

Mbona jikoni kimya? Nimechungulia dirishani — binti yuko mbele yao, kashika jembe, anawapeleka kwenye mstari wa kwanza. Nimemwita. Kasikia, najua kasikia. Amepiga magoti, ameshika shina aling'oe, waione mizizi. Nimemwita tena kwa nguvu, na jina lililonitoka ni la mama yake.

Wote wamegeuka kunitazama.