Lebo za Kiboko

Nyalenda, Kisumu

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sote tu wazima, ila jino la Mama linamsumbua kila akinywa chai. Mgongo wako unaendeleaje huko Naivasha? Mawe ya kujengea nyumba za watu yasikumalize. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu Mama huweka spika, nyumba nzima husikiliza, na mimi unanijua: watu wakizidi wawili maneno yangu hukimbia.

Habari kubwa ni ya wale viboko wa kitambaa ambao Mama na Mama Caren wanawashona wawe vichezeo vya watoto. Bwana Walubengo, mnunuzi wa Jinja, aliahidi kuwauza Uganda na hata ng'ambo, mradi sampuli ipite kipimo cha usalama. Basi Mama akaanza kuzunguka maofisi. Akatafuta alama ya usalama ya Kenya, ya Uganda, ya Tanzania, ya Rwanda, na ya ng'ambo. Kila mahali kiboko yuleyule alivutwa masikio na kuchomwa moto upya, na kila alama Mama akaishonea lebo yake tumboni. Enos fundi baiskeli alipomwona kiboko huyo aliuliza huyu ni jenerali wa jeshi gani.

Sampuli ilipopimwa kwa Bwana Walubengo, ikaanguka. Ripoti ilikuja kwa Kiingereza, nikaambiwa niisome. Baba, nilicheka hadi nikaficha uso kwenye leso. Kiboko hana shida, shida ni lebo. Zikivutwa zinang'oka, na mtoto anaweza kuzimeza. Bwana Walubengo aliongeza kwamba nchi jirani zinaikubali alama ya Kenya, hivyo hiyo na ile ya ng'ambo zinatosha, tena kwenye lebo moja ndogo ndani ya mshono. Akatuma na lebo yenyewe. Ila alisema ataangalia sampuli moja tu zaidi, ikianguka anatafuta washonaji wengine. Mama Caren alikuwa ameshaanza kuulizia kazi ya kufua nguo Milimani.

Nikamweleza Mama yote. Akaniambia, "Mercyline, mimi niliacha shule darasa la sita kwa kukosa alama. Sijawahi kusikia mtu amefeli kwa kuwa nazo nyingi."

Akaketi kwenye cherehani, akamshona kiboko mpya na lebo zake zote, safari hii kwa uzi wa nyavu za samaki.

Na sampuli ikapita! Mama ametoa ushuhuda kanisani kuhusu ule uzi wa nyavu, akapigiwa makofi. Oda imekuja, Mama Caren amerudi, na siku hizi wanashona wakiimba hadi majirani wanaitikia.

Sasa Baba, kaa vizuri. Si ule uzi. Mama alipoenda kuteka maji, nilizifumua lebo zote kwa wembe, nikashona ile moja ya Bwana Walubengo, nikafunga kifurushi kabla hajarudi. Mimi, ambaye huona haya hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda choo! Kwa haraka ile nikajichoma sindano.

Lakini kuzitupa nilishindwa. Kila lebo ni mtihani ambao Mama aliufanya akapita. Nimezishona kwa ndani, chini ya kola ya gauni lake la kwaya. Jumapili alilalamika kwamba kola inamkwaruza, akailaumu sabuni.

Oda nzima siwezi kuifumua kwa siri, na kumwambia uso kwa uso siwezi. Kwa hivyo barua hii nampa yeye mwenyewe aifikishe kwa watu wa parseli, na bahasha sijaifunga. Unamjua Mama na karatasi iliyo wazi.

Wasalimie wenzako wa mjengo, na Mungu akushike mkono ukiwa juu ya ngazi.

Ni mimi binti yako,
Mercyline

Mama, ukifika hapa, nisamehe. Na tafadhali usizifumue.