Shapu Mbili Nilizozisahau

Nyumba ya nyuma ya karakana ya seremala,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Hujambo huko chuoni? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila mimi tangu jana situlii. Naketi, nainuka, chai imepoa mara mbili.

Nakuandikia mbio kwa kuwa simu yako haipatikani, na dereva wa chuo chenu, aliyekuja kuchukua meza kwa seremala, anaondoka saa nne. Ule wimbo wa harusi utakaouimba kwenye usaili wa kwaya ya chuo Ijumaa, niliokunakilia kutoka ufunguo wa C kwenda wa D ili ukae vizuri kwenye sauti yako, nimeukosea.

Jana mama yako aliupiga kinandani kutoka nakala iliyobaki kwangu. Alipofika mstari wa pili akaniuliza, "Kaka, huyu bibi harusi tunamwoza au tunamzika?" Nilicheka. Kisha nikaitazama karatasi, kicheko kikaniishia.

Unajua nimefundisha kwaya miaka thelathini kwa do, re, mi. Kwetu sisi ukiihamisha do, wenzake wote huifuata kama vifaranga. Huandiki kitu zaidi. Karatasi ya mistari mitano haina huruma hiyo.

Nifuate polepole. Skeli ni ngazi ambayo nafasi zake hazilingani. Zote ni pana isipokuwa mbili: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Ukianzia C, vibao vyeupe vya kinanda vimekwisha kukupangia hivyo. Ukianzia D, nafasi nyembamba zinakuja mapema mno. Mi na ti zinabaki chini, na furaha yote inanuna. Ndiyo maana F na C lazima zipandishwe nusu hatua kwa alama ya shapu, na shapu hizo huandikwa mwanzoni mwa kila mstari. Mimi nilipandisha noti, shapu nikazisahau.

Chukua penseli uziweke zote mbili kabla mpiga kinanda wa usaili hajaiona karatasi. Yeye hakujui, atapiga alichoandikiwa.

Na barua ikichelewa? Basi ukimsikia mpiga kinanda anashuka kwenye mi, usimfuate. Karatasi niliiandika mimi, na sikio lako nililifundisha mimi. Ijumaa liamini sikio.

Mama yako anakusalimu sana, babu pia, na seremala anasema wakikukataa atawadai meza yake. Mungu akutangulie kwenye mlango ule, akupe pumzi ya kutosha.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, mwenye wino vidoleni.