Kinywe Chini ya Shamba la Ngwara

Mjukuu wangu Neema,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu masika. Hapa Karatu tu wazima. Goti langu limetulia, na shangazi yako Basilisa, anayelima kilima chetu, anakaribia kuvuna maharage yake ya ngwara.

Umeuliza kama nitawaruhusu wapimaji wachimbe kilima hicho kutafuta kinywe. Umenieleza vizuri kwamba madini hayo ya penseli sasa hutumika kutengenezea betri za magari yasiyotoa moshi. Najivunia kwamba unayasomea.

Nilipokuwa kijana, nilipanda milimani hadi Nainokanoka kununua ng'ombe kwa mzee mmoja wa Kimaasai. Tulipatana upesi. Nilipomfunga ng'ombe kamba, mke wa mzee akatoka na kibuyu cha maziwa.

"Kijana, huyo umemnunua kwa nani?"

"Kwa mwenye boma, mama."

"Na mwenye boma humkamua lini?"

Mzee alicheka, akaifungua kamba mwenyewe. "Huyu ni wa nyumba ya mke wangu," alisema. "Ilinipasa nimuulize kwanza."

Nilirudi mikono mitupu, ila nilikuwa nimeshiba maziwa.

Wapimaji wamezungumza nami na baba zako wadogo. Basilisa hakuulizwa na mtu. Jana nilimfuata shambani nikamuuliza. Aling'oa gugu, kisha akasema, "Baba, niache nivune kwanza."

Nimemwahidi kwamba neno lake ndilo litakuwa jibu langu. Akishaamua nitakuandikia, hata kama halitakufurahisha.

Akupendaye,
Babu